Nichore kwa Nguo za Kwetu: Mavazi Ndani ya Picha za Watu

Kama kwenu kuna picha ya zamani ya babu, ile nyeusi na nyeupe inayokaa kwenye fremu sebuleni, nenda kaiangalie tena. Usoni usiangalie, mnamjua. Angalia koti. Je, mabegani limemkaa? Mikono inafika kwenye vifundo au imeishia njiani? Inawezekana kabisa koti lile halikuwa lake. Studio za picha katika miji yetu zilikuwa na koti moja au mawili yaliyoning'inia kwenye msumari, pamoja na tai iliyokwisha kufungwa, kwa ajili ya kila mteja aliyeingia na shati tu. Mimi mwenyewe nilipokwenda kupiga picha ya kitambulisho nilirushiwa koti lenye jasho la watu kumi, na hadi leo ukiiona picha ile utadhani nafanya kazi benki.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi wetu tukitazama picha za zamani zilizochorwa kwa rangi, zile za wafalme na mabibi wakubwa wa Ulaya, tunadhani tunaona watu jinsi walivyovaa siku hiyo. Tunasema, "Kumbe walikuwa wanavaa hivi." Si kweli, au tuseme ni nusu ya kweli. Nguo iliyo ndani ya picha ilichaguliwa. Wakati mwingine iliazimwa, wakati mwingine ilinakiliwa kutoka picha nyingine, na wakati mwingine haikuwahi kushonwa na fundi yeyote duniani. Sasa swali linalonivutia mimi kama mwanafunzi wa historia ni dogo tu: nani alichagua? Maana mwenye kuchagua nguo ndiye mwenye kusema mtu huyu ni nani.

Kuna picha moja ambayo jibu la swali hilo tunalijua kwa uhakika, kwa sababu mabishano yenyewe yaliandikwa. Tuanze na hiyo.

Mtu anayeonekana anaitwa Ayuba Suleiman Diallo. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1700 huko Bundu, sehemu ambayo leo iko Senegal, katika ukoo wa Wafulani wenye elimu ya dini. Baba yake alikuwa sheikh, naye akaisoma Qur'ani hadi akaihifadhi. Mwanzoni mwa 1731 baba alimtuma mtoni Gambia, kwa Waingereza wenye meli, akauze watumwa wawili na kununua karatasi. Ndiyo, umesoma sawasawa. Ayuba alikwenda kuuza watu. Ukisimulia habari zake ukaruka hapo unakuwa umemvalisha koti la studio, kwa hiyo tusiruke.

Hakuelewana bei na nahodha wa Kiingereza, akavuka mto na kuwauza watumwa wale kwingine. Njiani kurudi alivamiwa na Wamandinka. Na jambo la kwanza walilofanya, kabla hata ya kumpeleka sokoni, lilikuwa kumnyoa kichwa na ndevu. Hii haikuwa dhihaka tu. Mtu aliyenyolewa alionekana kama mateka wa vita, na mateka wa vita aliuzika bila maswali mengi. Ayuba mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kunyolewa kule alikuona kuwa ni udhalilishaji mkubwa kabisa. Kwa hali hiyo akauzwa kwa nahodha yule yule ambaye siku chache nyuma walikuwa wanapatana bei. Akavushwa bahari hadi Maryland, Marekani, kwenye shamba la tumbaku.

Kilichomtoa huko ni kalamu. Alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu, barua ikapita mikononi mwa watu hadi ikafika kwa Mwingereza mmoja mkubwa, James Oglethorpe, ambaye alishangaa kwamba mtumwa wa shambani anaandika. Mipango ikafanywa, na mwaka 1733 Ayuba akafika London. Wasomi wakamgombania. Aliandika Qur'ani nzima kwa kumbukumbu zaidi ya mara moja, alimsaidia mkusanyaji maarufu wa vitu vya kale Hans Sloane kusoma maandishi ya Kiarabu, na watu wakachanga fedha za kuhakikisha yuko huru.

Rafiki zake wakataka picha yake. Mchoraji aliyetafutwa ni William Hoare. Ayuba hakutaka mwanzoni, kwani sanamu na picha za watu zilimtia shaka kwa mafundisho ya dini yake. Wakambembeleza: ni kwa ajili ya kumkumbuka tu. Akakubali. Hoare akamaliza uso, kisha akauliza avalishwe nini. Ayuba akajibu, nguo za kwetu. Hoare akasema hilo haliwezekani, hajawahi kuziona nguo hizo, na hawezi kuchora asichokiona au asichoelezwa na aliyekiona. Jibu alilopewa limehifadhiwa katika kijitabu alichokichapisha rafiki yake Thomas Bluett mwaka 1734, nami nakupa maana yake tu: kama huwezi kuchora nguo ambayo hujaiona, mbona wachoraji wenzako wanathubutu kumchora Mungu, ambaye hakuna aliyepata kumwona?

Nadhani studio ilikuwa kimya kidogo hapo.

Tazama sasa matokeo. Mwanamume kijana, uso mtulivu, kilemba cheupe, kanzu nyeupe pana, na shingoni kitabu kilichofungwa ndani ya kifuko chekundu. Ndevu zipo. Hakuna sare ya mtumishi, hakuna sahani ya matunda mkononi, hakuna kola ya fedha shingoni, vitu ambavyo picha za Ulaya za wakati ule ziliwapachika Waafrika waliosimama nyuma ya mabwana zao kama pambo. Ni mtu mmoja, na nguo zinasema anatoka wapi na anasoma nini. Ndiyo picha ya rangi ya mafuta ya mwanzo kabisa inayojulikana Uingereza ya mtu aliyewahi kuwa mtumwa kisha akawa huru. Kwa muda mrefu wanahistoria waliijua kwa chapa zake tu, wakidhani yenyewe imepotea. Ilijitokeza ikauzwa mnadani mwaka 2009, ikanunuliwa na mamlaka ya makumbusho ya Qatar, nao wakaiazimisha kwa National Portrait Gallery ya London.

Walichomnyang'anya kwa wembe kule Gambia, alikidai kwa ulimi kule London. Na hata alipopelekwa kwa mfalme hakwenda na suti ya Kiingereza. Alishonewa vazi la hariri kwa mtindo wa kwao.

Mtu wa kuchora nguo

Ili uelewe kwa nini Hoare alishtuka, inabidi ujue kazi hii ilivyokuwa ikiendeshwa London. Mchoraji wa picha za watu alikuwa na wateja wengi na muda mchache. Mteja mwenyewe alikaa mara chache kwa ajili ya uso, pengine na mikono. Nguo je? Nguo zilichorwa na mtu mwingine.

Yaani ilikuwepo kazi kamili ya mchoraji wa nguo. Aliyesifika kuliko wote alikuwa Joseph van Aken, mtu wa Antwerp aliyehamia London. Wachoraji wakubwa kama Thomas Hudson na Allan Ramsay walimletea turubai zenye kichwa tu kimeelea katikati, kama kichwa cha mtu aliyejifunika shuka. Van Aken ndiye aliyeongeza kiwiliwili, mkao, atlasi inayong'aa, lesi na mikunjo. Alipofariki mwaka 1749, William Hogarth, aliyekuwa na ulimi mkali na penseli kali zaidi, alichora kikatuni cha mazishi yake: wachoraji wa London wanalia nyuma ya jeneza kwa sababu sasa watalazimika kujifunza kuchora nguo wenyewe.

Ndiyo maana ukizunguka kwenye makumbusho ya Uingereza unakutana na gauni lile lile kwenye miili mitatu tofauti. Mtindo uliopendwa sana miaka ya 1730 na 1740 ulikuwa kuvalishwa nguo za zamani, za wakati wa mchoraji Van Dyck, miaka mia moja nyuma. Hakuna aliyekwenda nazo sokoni. Zilikuwepo kwenye vinyago vya mbao vya studio, kwenye sherehe za kuvaa vinyago usoni, na kwenye picha. Faida yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: fasheni hupita, na picha ilikuwa ghali. Ukichorwa na nguo za mwaka huu, baada ya miaka kumi wajukuu watakucheka. Ukichorwa na nguo za karne iliyopita, umeshapitwa tayari, hakuna wa kukucheka.

Makoloni ya Amerika nayo yalikuwa na ujanja wake. Kule Boston, John Singleton Copley hakuwa na studio za London za kwenda kutazama, lakini chapa za picha za London zilifika kwa meli. Karibu mwaka 1763 alimchora mwanamke mmoja, Bi Bowers, na ukiweka picha hiyo karibu na chapa ya picha ya Joshua Reynolds ya Lady Caroline Russell utacheka. Gauni ni lile. Mkao ni ule. Hata mbwa aliye mapajani ni yule yule. Alichokuwa nacho Bi Bowers ambacho ni chake ni uso. Sidhani kama alidanganywa. Alilipia kuonekana hivyo, kama babu zetu walivyolipia koti.

Kitambaa ghali kuliko mchoraji

Watu wa leo tumezoea nguo rahisi. Fulana ya mtumba unaipata kwa bei ya sahani ya chipsi. Kwa hiyo tunatazama picha ya malkia wa karne ya 16 tunasema "amependeza," tukapita. Aliyeitazama wakati ule alikuwa anapiga hesabu. Nyuzi za dhahabu zinafumwa kwa saa ngapi? Wekundu ule umetoka kwa wadudu wadogo wanaokusanywa kwenye mipungate huko Mexico, wakakaushwa na kuvushwa Atlantiki. Na mchoraji naye alikuwa na gharama zake, maana buluu bora ilisagwa kutoka jiwe lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan. Nguo ghali ikachorwa kwa rangi ghali.

Tena haikuwa suala la fedha peke yake, ilikuwa suala la sheria. Mwaka 1574 Malkia Elizabeth wa Kwanza alitoa tangazo la nani anaruhusiwa kuvaa nini. Hariri ya zambarau, kitambaa cha dhahabu na manyoya ya mnyama aitwaye sable viliwekewa ukoo wa kifalme, na wachache wa daraja la juu kabisa waliruhusiwa kwa masharti. Sababu iliyotolewa ilikuwa uchumi: vijana wanajimaliza kwa kununua nguo za nje. Lakini ukisoma orodha unaona hofu nyingine, hofu ya kwamba mfanyabiashara mwenye fedha atapita barabarani na watu wasijue kama ni bwana au si bwana.

Kuna kisa kimoja hapa napenda kukisimulia kwa sababu kinatukumbusha wana historia tusiamini haraka. Mwaka 1545 mchoraji Bronzino wa Florence alimchora Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala Cosimo de' Medici, amekaa na mwanawe mdogo. Gauni katika picha ile si mchezo. Atlasi nyeupe, mapambo ya mahameli nyeusi, katikati ya kifua komamanga kubwa la nyuzi za dhahabu, kila uzi unauona. Mtoto na mama wanaonekana kama wametoa nafasi ili gauni lipite. Eleonora alifariki mwaka 1562, na kaburi lilipofunguliwa mwaka 1857 watu walikuta mabaki ya nguo. Ikaenea habari tamu: alizikwa na gauni lile lile la kwenye picha, alilipenda hadi kufa. Habari hiyo iliandikwa na kurudiwa kwa zaidi ya miaka mia.

Kisha wataalamu wa kuhifadhi vitambaa wakaketi Florence, kazi iliyowachukua miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990, wakavisafisha vipande vile kimoja kimoja na kuvipanga. Si gauni lile. Alizikwa na gauni la atlasi lenye utepe wa mahameli uliotariziwa, zuri lakini la kuvalika. Na hilo la picha je? Baadhi ya watafiti wanaona Bronzino huenda alikuwa na kipande tu cha kitambaa mbele yake, akakitanua kwa brashi hadi kikawa gauni zima. Mantiki yake iko wazi. Florence ilikuwa mji wa wafuma hariri, na mtawala mpya alihitaji kuonyesha kwamba mji wake unaweza kufuma kitu kama kile. Mke wa mtawala akawa dirisha la duka.

Malkia aliyevaa "shimizi"

Kama nguo ndani ya picha ni tangazo, basi tangazo linaweza kukugeukia. Aliyejifunza hilo kwa maumivu ni Marie Antoinette.

Agosti 1783, kwenye maonyesho makubwa ya picha huko Louvre, Paris, mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alitundika picha mpya ya malkia. Hakuna hariri. Hakuna vito. Malkia amevaa gauni jeupe la melimeli, laini, limefungwa kiunoni kwa kitambaa chepesi, kichwani chapeo ya majani, mkononi waridi. Kwetu sisi ni mwanamke aliyetoka bustanini saa kumi jioni. Kwa Wafaransa ilikuwa malkia ametoka na nguo ya ndani. Vazi lenyewe baadaye liliitwa kwa Kifaransa shimizi ya malkia, na hapa sina haja ya kukutafsiria, maana neno hilo limetembea hadi likafika kwa bibi zetu likiwa na maana ile ile ya kitu kinachovaliwa chini ya gauni.

Kelele zilikuwa za aina mbili, na ya pili ndiyo inayonipendeza mimi. Ya kwanza ilikuwa heshima: mke wa mfalme haonekani hivyo. Ya pili ilikuwa kazi za watu. Mji wa Lyon uliishi kwa kufuma hariri, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa watu wa ikulu. Malkia akivaa melimeli, mabibi wote wanavaa melimeli, na melimeli ni pamba, tena nyingi ilitoka India na kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Uingereza, adui. Kwa hiyo mfumaji wa Lyon aliyesimama mbele ya picha ile hakuona urahisi wa maisha ya bustanini. Aliona mtambo wake umesimama.

Picha iliondolewa kabla maonyesho hayajaisha. Vigée Le Brun akachora nyingine kwa haraka: malkia yule yule, mkao ule ule, waridi lile lile, lakini sasa amevaa gauni la hariri ya buluu-kijivu, lesi za kutosha na lulu shingoni. Ukiziweka pamoja unapata jaribio safi kama la maabara. Kila kitu kimebaki, umebadilisha nguo tu, na kosa limefutika. Kwenye picha, maana yake. Kwenye vichwa vya watu halikufutika. Na kichekesho ni kwamba vazi lenyewe lilishinda: miaka michache baadaye wanawake wa Ulaya waliovaa melimeli nyeupe walikuwa wengi kuliko waliovaa ile silaha ya hariri.

Miaka mia moja baadaye Paris hiyo hiyo ilipiga kelele tena kwa jambo dogo zaidi, kamba moja ya bega. John Singer Sargent alimwonyesha Virginie Gautreau mwaka 1884 amevaa gauni jeusi, na kamba ya bega la kulia imeteleza. Mji ukawaka. Sargent akachukua brashi akaipandisha kamba mahali pake, na ndivyo ilivyo hadi leo huko New York, ila picha ya kamera iliyopigwa mapema inatuonyesha ilivyokuwa. Sina mengi ya kuongeza hapo, Paris ilikuwa na wakati wa kupoteza.

Kilemba bandarini New York

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mwezi wa Februari 1840 meli iitwayo Sultanah iling'oa nanga Zanzibar, na tarehe 30 Aprili ikafika New York. Ilikuwa mali ya Sayyid Said bin Sultan, na ndani yake alikuwemo karani na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Ilibeba karafuu, pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, tende, kahawa na mazulia. Watu wa New York walijazana bandarini kuwatazama wageni na mabaharia wao. Serikali ya Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu 1833, kwa hiyo mji ulimpokea Ahmad kama mgeni wa heshima, meli ikakarabatiwa bila malipo, na halmashauri ya jiji ikaagiza picha yake kwa mchoraji Edward Ludlow Mooney.

Ahmad alikaa mbele ya Mooney na kilemba chake, nguo za mtu wa heshima wa Muskati na Unguja. Hapakuwa na mabishano kama ya Hoare, na sababu ni rahisi. Ayuba alikuja London akiwa ametoka kununuliwa, akiishi kwa hisani ya watu. Ahmad alikuja na meli, shehena, barua na zawadi kutoka kwa sultani. Mchoraji hakuwa na haja ya kuuliza avae nini, na wala hakuna ambaye angethubutu kumpa koti la msumarini.

Lakini ukitaka kusoma nguo katika picha ile, usiishie kwenye kilemba. Fikiria na kilichorudi na meli. Biashara ya Wamarekani na Zanzibar ilisimama juu ya kitambaa, pamba nzito isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, ambayo mwambao wote hadi bara ilijulikana kwa jina la merikani. Sultanah ilipoondoka New York mwezi Agosti ilikuwa na majora ya merikani ndani. Pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari mbili, na Zanzibar ikaishia, pamoja na mambo mengine, kuwa shuka ya kiunoni ya mtumwa wa shamba la karafuu.

Maana Zanzibar nayo ilikuwa na tangazo lake la Elizabeth, ingawa si la kuandikwa ukutani. Muungwana alijulikana kwa kanzu, kofia au kilemba, joho kwa mwenye nacho. Watumwa walivaa merikani au kaniki, na kufunika kichwa au kuvaa viatu havikuwa vitu vya mtumwa. Walikuwepo waliovalishwa vizuri, masuria na watumishi wa nyumba kubwa, lakini walivalishwa kwa fahari ya bwana, kama Eleonora alivyovalishwa kwa fahari ya Florence. Ndiyo maana utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, moja ya mambo ya kwanza waliyofanya waliokuwa watumwa ilikuwa kununua nguo. Wanaume kanzu na kofia. Wanawake waliachana na kaniki wakaingia kwenye kanga, ambazo zilikuwa zimeanza kuonekana madukani miaka michache tu nyuma, na kila mzigo mpya ukija na mchoro mpya. Mtu wa leo anaweza kuwaona kama watu wa anasa. Mimi nawaona kama Ayuba mbele ya Hoare.

Na wakati huo kamera ilikuwa imeshafika. Studio za Gomes na za ndugu Coutinho zilikuwa mjini Zanzibar, na wanawake wa kanga walipigwa picha ndani yake, pazia nyuma, mkono umewekwa vizuri juu ya kiti. Picha hizo ziligeuzwa kuwa postikadi, wageni wakazinunua na kuzituma Ulaya na Amerika, na leo nyingi zimehifadhiwa kwenye mikusanyo ya vyuo na makumbusho huko. Nimezitazama kwa saa nyingi kwenye kompyuta. Unaweza kuhesabu maua kwenye kanga, unaweza kuona namna walivyojifunga ya juu na ya chini, unaweza kuona ndonya na mikufu. Chini kumeandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili, Zanzibar. Jina halipo.